Kikombe cha Kahawa cha Nanette

Mara tatu sasa nimeitazama "USS Callister", sehemu ya tamthilia ya Uingereza iitwayo Black Mirror iliyotoka Desemba 2017, na kila nifikapo pale Robert Daly anapookota kikombe cha kahawa, husimamisha picha. Nanette Cole amekunywa, amekitupa, amekwenda zake. Hajui ameacha nini humo.

Kwa ambao hawajaiona: Daly ni mtaalamu wa programu aliyeanzisha kampuni ya michezo ya kompyuta pamoja na James Walton. Ofisini ni mnyonge. Walton humdharau waziwazi, na walio chini yake humpita kama nguzo ya umeme. Usiku, peke yake nyumbani, huingia katika mchezo wake wa siri alioutengeneza kwa mfano wa Space Fleet, tamthilia ya zamani ya safari za anga iliyomteka akili. Humo yeye ni nahodha. Mabaharia wake ni nakala za wafanyakazi wenzake, alizoziumba kwa vinasaba walivyoviacha kwenye vitu walivyovigusa. Kila nakala inajijua ni nani na inakumbuka maisha iliyonyang'anywa. Nayo inaumia, ilhali mwenye sura yuko kwake amelala.

Vinasaba havibebi kumbukumbu za mtu. Hapo waandishi, Charlie Brooker na William Bridges, wamejipa ruhusa ya kisanii. Kuchukua bila kuuliza, hata hivyo, si ndoto ya watunzi. Mwaka 1951, hospitalini Baltimore, seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa bila ridhaa yake na zikaendelea kukuzwa maabara duniani kote. Yeye alifariki mwaka huohuo, na familia yake ilikuja kujua baada ya zaidi ya miaka 20.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba Daly hajioni mwizi. Anajiona mtu aliyeonewa. Anaipenda Space Fleet kwa dhati, anayahubiri maadili yake mema, na kwa jina la maadili hayo anaufuta uso wa Nanette, macho, pua na mdomo, hadi akose pumzi na kukubali kutii. Ili kumvunja Walton wa mchezoni, aliumba nakala ya mwanawe mdogo kutokana na pipi ya kijiti, akamtupa nje ya chombo baba akitazama. Walton halisi hakuguswa hata ukucha. Kesho yake ofisini Daly aliinamisha kichwa kama kawaida. Hasira yake ilitafuta mahali pa kushukia, si pa kupandia.

Hapo ndipo ninapolazimika kujitazama. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aseme anazitakia nini. Ni sheria njema. Nami nina majina ya mamia ya vijana, namba zao za simu na alama zao, vyote nimekabidhiwa kihalali. Lakini mwalimu ana kitu kingine asichokabidhiwa na yeyote: picha ya mwanafunzi anayoitunga mwenyewe kichwani, kisha akaiadhibu.

Miaka kadhaa iliyopita nilitoka katika kikao ambacho mkubwa wangu mmoja alinikejeli mbele ya wenzangu. Sikujibu neno. Saa moja baadaye nilikuwa darasani, na kijana wa safu ya mbele akaniuliza swali, swali zuri tu, kuhusu jambo nililokuwa nimelieleza vibaya. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Darasa lilicheka, nami nikafurahi. Nilifurahi kweli, kwa dakika kama mbili, nikiwa nahodha wa chombo changu.

Sikuwa nikisema naye. Nilikuwa nimemvika sura ya yule wa kikaoni, na yeye hakujua kosa lake, sawasawa na Nanette asivyojua habari za kikombe.

Tangu siku ile hakuuliza swali tena. Alihamia safu ya nyuma, akafanya mtihani wangu, akafaulu vizuri, akahitimu. Nilimwona siku ya mahafali akipiga picha na wazazi wake, nikapita upande wa pili wa uwanja.