Milima ya Buha na Adabu ya Mwenye Kupanda

Sisi watu wa pwani tumelelewa na bahari. Tukitaka kuijua saa, twatazama maji yanavyojaa na kupwa. Tukitaka kuujua mwaka umefika wapi, twatazama upepo: huu kaskazi, huu kusi, hii demani. Mlima kwetu ni kitu cha kusikia. Ndiyo maana jamaa zangu wa barazani, walipopata habari kuwa kila ninapoalikwa kusomesha kule Kasulu na Kibondo, katika mkoa wa Kigoma, siku zisizo na darasa huzitumia kutembea milimani kwa miguu, waliniuliza: "Sheikh, kwa umri wako huu, unafuata nini huko porini?" Swali ni zuri, nami nimeona nilijibu hapa ili wapate na wengine.

Kwanza, Mwenyezi Mungu mwenyewe ametutaka tutazame. Katika Suratul Ghaashiya ametuelekeza kwa ngamia, mbingu, milima na ardhi, tufikiri vilivyoumbwa. Tena katika Suratul Israa tumekatazwa kutembea kwa maringo, na urefu wa milima ndio tuliopigiwa mfano wa udogo wetu. Aya hiyo nimeisomesha miaka mingi, na wanafunzi wangu wanaihifadhi vizuri. Lakini huifahamu zaidi mtu anayepanda kwenda Heru Juu, magoti yanamtetemeka, kisha akapitwa na mama wa Kiha mwenye mzigo wa kuni kichwani, akamwamkia "Mwakeye", wala hatweti!

Mimi hupenda kwenda mwezi wa Septemba na Oktoba, kiangazi kinapokwisha na mvua hazijashika. Nyanda hizo zimeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na asubuhi koti halikai bure. Nyasi za vilele zimekauka, rangi yake kama mkeka wa zamani, na mahali pengine zimeungua zikaacha weusi mtupu. Lakini tazama miti ya miombo. Kabla ya tone la mvua kuanguka, huchipua majani mapya, nayo huwa mekundu, kisha ndipo yakageuka kijani. Katika nchi za Ulaya majani huwa mekundu yanapokaribia kufa. Huku huwa mekundu yanapozaliwa. Mti hauna mvua, hauna habari ya mvua, lakini umekwisha kuvaa nguo ya kuipokea. Mwenye kuitafuta maana ya tawakkul, pamoja na kujitayarisha, ataiona pale.

Masahaba wametupokelea adabu ya njia za milima: walipokuwa wakipanda, walileta takbira, na walipokuwa wakishuka, walileta tasbihi. Wanavyuoni wameeleza hekima yake. Mtu akiwa juu, nafsi humwambia kuwa amekuwa mkubwa. Basi na aseme kuwa Mkubwa ni Mwenyezi Mungu. Na akiteremka bondeni, amtakase Mola wake, ambaye hapatwi na upungufu wala kushuka. Adabu hii haihitaji mlima wa mawe. Kuna kupanda cheo na kuna kushuka biashara. Kuna mwaka wa mwana kuoa na kuna mwaka wa mwana kufa. Aliyezoea kusema maneno hayo kwa miguu yake, ulimi hautamsahau siku hizo.

Siku moja, katika vilima vya upande wa Kibondo, nilimkuta mzee mmoja akifyeka nyasi kuizunguka chemchemi, ili moto wa kiangazi ukija usiifikie miti iliyoifunika. Moto huo huwashwa na wengi: mfugaji anayetaka majani mabichi, mwindaji, mrina asali asiyezima mwenge wake. Nikamwamkia, nikamwuliza:

"Mzee wangu, chemchemi hii ni yako?"

"Si yangu, sheikh. Shamba langu liko upande wa pili wa kilima."

"Basi wanakunywa nani?"

"Watu wa bondeni."

"Unawajua?"

Akanyoosha mgongo. "Wengine nawajua, wengine siwajui. Lakini wanakunywa."

Wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia. Akanitekea maji kwa kidumu chake, akanimiminia nikatia udhu, akakaa kando kimya mpaka nilipomaliza kusali, kisha akarudi kwenye panga lake. Mzee huyo si Mwislamu. Sisi tunaojua habari ya sadaka jaria, ile ambayo thawabu zake humfuata mtu kaburini, ni wangapi kati yetu tuliokwisha kufyeka nyasi kwa ajili ya mtu tusiyemjua?

Na tuyafuate maji hayo kidogo. Mito ya nchi hiyo huingia katika Malagarasi, mto wenye urefu wa karibu kilomita 475, nao humimina katika Ziwa Tanganyika. Ziwa nalo hutoa maji yake kwa mto Lukuga, yakaingia mto Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki. Tone la Kibondo haliji kwetu Bahari ya Hindi. Linakwenda kwa watu wa magharibi ambao yule mzee hatawaona kamwe.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Mitihani ya mambo hayo matatu imewafika watu wa Kasulu na Kibondo kweli kweli. Mwaka 1972 walikuja wakimbizi wa Burundi. Mwaka 1993, baada ya kuuawa Rais Ndadaye, wakaja wengi zaidi. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo. Na mwaka 2015 Warundi wakaja tena kwa maelfu. Mwenye kukimbia hakubeba kuni wala kisima. Miti ilikatwa, visima vikagombaniwa, maneno makali yakasemwa, na si haki kuficha hayo. Lakini si haki pia kusahau kuwa kabla ya hema la kwanza kusimamishwa, walikuwapo watu wa milima hiyo waliofungua milango na kugawa muhogo na maharagwe yao, hali ya kuwa wao wenyewe si matajiri.

Sasa nitasema neno la nyumbani kwetu. Barazani kwetu jina la Muha hutajwa mara nyingi kwa kucheka. Babu zao zama za Mwingereza waliletwa kwa wingi kukata mkonge wa Tanga, wakaitwa manamba, wakarudi kwao na mgongo uliopinda, au hawakurudi. Mali ya mkonge ilipita katika bandari zetu na maduka yetu, na sisi tukabaki na dharau. Twawaita watu wa bara hawana ustaarabu! Heru ilikuwa na Mwami wake na baraza lake, na kabla ya Uhuru wa 1961 aliyeitawala alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Na ustaarabu ni nini, kama si kumtekea maji ya udhu mtu wa dini nyingine na kunyamaza anaposali?

Wahenga walisema, milima haikutani, binadamu hukutana. Basi wazee wenzangu, mnapopata wasaa na afya, wapelekeni vijana wenu bara wakatembee. Wapande kwa takbira na washuke kwa tasbihi. Wasiwashe moto wasiouzima, wasichafue chemchemi, wasipite mtu bila ya kumwamkia kwa lugha yake. Na asiyeweza safari aanze hapa hapa mtaani: asafishe kisima cha msikiti, azibe bomba linalovuja, apande mwembe ambao vivuli vyake watakaa wajukuu wa jirani. Na mtumishi wa nyumbani aliyetoka bara aulizwe jina lake na la baba yake, na aitwe kwa jina hilo.

Mwenyezi Mungu atujaalie unyenyekevu tukiwa juu, subira tukiwa chini, na atuandikie katika wale ambao watu wasiowajua hunywa kwa sababu yao. Amin.