Furungu la Nyanya Katika Mizani ya Lamu

Ukishuka basi Mokowe, msomaji mpenzi, usidhani umefika. Sharti uingie mashua, uvuke maji hadi kisiwani Lamu. Hata aliyekuja kwa ndege hutua kisiwa cha Manda na kuvuka vilevile. Ukipanda gatini, pita nyuma ya majumba ya ufukweni, ushike njia kuu ambayo wenyeji huiita Usita wa Mui. Ni nyembamba, na punda mwenye mzigo akija, wewe ndiwe wa kupisha.

Tembea polepole, utege sikio. Baina ya duka la leso na la viungo utasikia nyundo ndogo ikigonga: ko, ko, ko. Hapo ndipo kwa mfua fedha. Ameketi chini, mbele yake pana makaa, koleo na mizani. Humo dukani mna pete zilizo maarufu mjini humu, za fedha zilizopachikwa vigae vya sahani za kale, vya buluu na vyeupe.

Kazi hii ina mizizi mirefu katika visiwa hivi. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua sarafu ndogo ndogo za fedha zilizogongwa papo hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Masimulizi ya Pate nayo husema kwamba siku za neema matajiri walipanda vitandani kwa ngazi za fedha. Kisha ikaja riale yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Ilizidi kugongwa ikiwa na mwaka 1780 hata baada ya malkia mwenyewe kufa. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 28, na katika kila sehemu 1,000 zake, 833 zilikuwa fedha. Zilizobaki takriban zote shaba. Riale nyingi ziliingia katika chungu cha sonara na kutoka zikiwa kekee, vikuku na mafurungu.

Sasa tuseme nyanya yako alikuachia furungu moja la namna hiyo, na karo ya shule inadaiwa. Umelifunga katika kitambaa na kumpelekea mfanyabiashara wa fedha. Je, atakupa nini?

Kwanza atalipima. Kisha atalisugua katika jiwe jeusi na kutia tone la asidi, aone fedha ni kiasi gani na shaba ni kiasi gani. Tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano tu. Furungu lina gramu 120. Likiwa la fedha ya riale, fedha safi iliyomo ni gramu 100. Ikiwa gramu ya fedha safi siku hiyo ni shilingi 100, thamani yake ni shilingi 10,000. Mnunuzi atakupa, tuseme, 8,000.

Utauliza, 2,000 zimekwenda wapi? Usiite wizi bado. Fedha ikiyeyushwa na kusafishwa hupungua. Makaa yanunuliwa, na kodi ya duka haingoji. Tena yeye amekulipa leo, na huenda akakaa miezi hajauza.

Fundi akilifua furungu hilo atapata pete 19 za gramu sita sita, na kidogo kilichobaki kitapotea katika tupa na moto. Kila pete imemgharimu fedha ya shilingi 420 hivi. Akiiuza 1,000, tofauti yake ni ujira wa mkono na macho yake, na akiba ya miezi isiyo na wageni. Mwaka 2020, korona ilipofunga safari, akiba hiyo ndiyo iliyojua nani atakula.

Lakini angalia upande wako. Pete uliyonunua kwa 1,000 ukiirudisha kesho ipimwe kama fedha tu, ina gramu tano za fedha safi, utapewa 400. Basi nunua pete kwa sababu ni nzuri. Usijidanganye kwamba umeweka akiba.

Wafanyabiashara wakubwa wa London na New York hufuata kanuni hiyo hiyo: kununua chini kidogo ya bei ya soko, kuuza juu yake kidogo, na kuzungusha mali upesi. Anayekalia fedha akingoja bei ipande anacheza kamari. Ndugu wawili matajiri wa Texas, wa ukoo wa Hunt, walilimbikiza fedha mpaka bei ikakaribia dola 50 kwa wakia mnamo Januari 1980. Tarehe 27 Machi mwaka huo ilianguka chini ya dola 11, nao wakaangamia.

Kwa hiyo, kabla hujafungua kitambaa, jua bei ya siku. Uliza kipimo: tola ni gramu 11.66, wakia ya fedha ni gramu 31.1, na atakayekuchanganyia hivyo viwili atakupunja mchana kweupe. Pima kwa watu wawili au watatu.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Mizani haioni nakshi. Furungu lililofuliwa na fundi wa kale laweza kumfaa mpenda vitu vya kale kuliko fedha iliyomo, na likishayeyushwa halirudi. Tena, kwa sheria ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 hakitoki nchini bila kibali. Pitia kwanza Makavazi ya Lamu, pale ufukweni, uyatazame mapambo ya zamani na kulinganisha.

Ukiona lazima uuze, uza, maana mtoto hasomi kwa furungu. Lakini uza ukijua unachokitoa. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.