Pilgrim's Rest, kijiji cha makumbusho
Katika milima ya Mpumalanga, Afrika Kusini, kuna kijiji ambacho serikali ilikinunua kizima mwaka 1974, baada ya migodi yake kufungwa. Nyumba za mbao na mabati, duka, gereji, mtambo wa kuchapia gazeti: vyote ni makumbusho, na mgeni anashuka barabara yenye mteremko akiingia huku na kutokea kule.

Rashi ya hapa, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, ilianza 1873. Alec Patterson, aliyezunguka nchi akisukuma vitu vyake kwenye toroli, aliiona dhahabu kijitoni akanyamaza, kama anyamazavyo mchimbaji yeyote mwenye akili. Siri haikudumu. William Trafford akaenda kusajili kitalu, na kabla ya mwaka kwisha watu wapatao 1,500 walikuwa wamejazana bondeni. Kando ya kijito hicho mwongoza watalii alituonyesha walivyoosha mchanga: maji yanabeba chepesi, kizito kinabaki chini. Wageni walipiga makofi. Mtu wa Geita, Tanzania, aliyekulia kwenye makarai ya kuoshea dhahabu, angejiuliza wanashangilia nini.

Dukani nilipita haraka. Makopo ya zamani hufanana popote. Makaburini ndiko nilikokaa. Makaburi yote yameelekea upande mmoja isipokuwa moja, lililochimbwa kwa kukingamana na mengine, na maandishi yake yanasema tu kwamba ni kaburi la mwizi. Inasimuliwa kwamba aliiba dhahabu hemani mwa mwenzake, akafukuzwa, akarudi, akapigwa risasi. Jina lake halipo, lakini kila mgeni anaulizia alipolazwa. Dhahabu ya kijitoni ilipopungua, kazi ilihamia ndani ya miamba, na waliotoboa miamba hiyo kwa miaka mingi walikuwa Waafrika weusi. Katika vyumba nilivyoingia sikukuta jina la hata mmoja wao. Mwizi amewashinda.

Kisha kuna habari ya sarafu, ambayo kwangu inazidi ile ya toroli. Mwaka 1902, Makaburu wakiwa wamekwisha kunyang'anywa Pretoria na Waingereza, walifungua kiwanda cha fedha papa hapa milimani, wakafua pauni 986 za dhahabu kwa mashine za kuungaunga. Serikali iliyokuwa mbioni ilihitaji kulipa watu wake.

Miaka 14 baadaye Wajerumani, nao wakiwa wamebanwa na vita, walifanya vivyo hivyo Tabora, katika Tanzania ya leo: wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke na kufua sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya wanaijua vizuri kuliko watoto wa Iramba, ambako dhahabu yenyewe ilichimbwa. Sekenke inastahili chumba chake cha historia, na ukuta wa kwanza upewe majina ya walioingia shimoni, maadamu bado wako wajukuu wa kuyataja.