Ogwedhi: Kuta, nduru na jirani mwema

Ogwedhi ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Narok. Hapa Wajaluo na Wamaasai wanaishi jirani kwa jirani, wakiuziana nafaka na mifugo. Mali inayomkosesha mtu usingizi huku si televisheni bali ni ng'ombe, na wizi wa mifugo umewahi kuzua mapigano makali mpakani.

Wewe msomaji wa mjini huenda unategemea king'ora cha umeme. Chombo hicho si kigeni sana. Mwaka 1853, Mmarekani Augustus Pope wa jimbo la Massachusetts alipata hataza ya kengele ya umeme ya kunasa wezi. Siri yake ni rahisi: mlango ukifunguliwa, mkondo wa umeme unabadilika na kengele inalia. Vya siku hizi hutumia sumaku mlangoni, na vingine hutambua joto la mwili wa mtu anayepita.

Je, wazee wa Migori walifanyaje? Tazama dala, yaani boma la Kijaluo. Ua wake ni wa minyaa, mmea ambao utomvu wake huchoma macho. Nyumba ya mama mkubwa huelekea langoni, na vijana wa kiume hujengewa simba zao karibu na lango hilo. Mgeni wa usiku hukutana kwanza na wenye nguvu.

Ukitaka kuona ulinzi wa kale zaidi, nenda Thimlich Ohinga, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Ngome hizi za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo hukisiwa kuwa zilijengwa karne ya 16. Kuta zina urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa mita 1 hadi 3. Malango ni mafupi na membamba, hivyo adui alilazimika kuinama na kutanguliza kichwa. Mifugo ililala ndani, ikizungukwa na wenyewe. Mnamo 2018, UNESCO iliiweka Thimlich Ohinga katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hata hivyo, ukuta haumkamati mwizi, na king'ora vilevile. Kazi ya kelele ni kuwaita watu. Vijijini kelele hiyo ni nduru, neno linaloeleweka kwa Kijaluo na kwa Kiswahili pia. Anayeisikia anatarajiwa kutoka, kwani kesho zamu itakuwa yake.

Lakini mpakani nduru ina hatari yake. Nyayo za ng'ombe zikivuka upande wa pili, ni rahisi hasira kumwangukia asiye na hatia. Ndiposa ng'ombe wanapopotea, mazungumzo ya wazee na machifu wa pande zote mbili yana thamani kuliko mishale. Anayeuziwa mahindi leo ndiye atakayeonyesha kesho ng'ombe walikopitishwa.

Hilo ndilo funzo kwa jamaa za mjini. Nunua king'ora ukiweza, na upime betri yake kila mwezi. Lakini kabla ya hapo, je, unalijua jina la jirani yako? Kikilia usiku wa manane, ni yeye atakayefungua dirisha au atakayejifunika blanketi.