Gazi: Kijiji kilichofufua msitu wa baharini

Je, msomaji, umewahi kuusimamia mmea uliokauka uani mwako ukajiuliza kama umekufa au umelala tu? Walimaji wa chai kule Limuru na Kericho wanalijua vyema swali hilo. Jalidi ikipiga usiku, asubuhi majani huwa yameungua kama yaliyopitiwa na moto. Mkulima mwenye subira hakimbilii jembe. Hukwaruza gome kwa ukucha, na akiona ubichi chini yake, husubiri.

Pwani ya kusini haina jalidi, lakini swali ni lile lile. Ukitaka kuona lilivyojibiwa, funga safari hadi Gazi katika Kaunti ya Kwale.

Ukiwa Mombasa, vuka kivuko cha Likoni upande matatu ya kuelekea Msambweni au Lungalunga. Utapita Ukunda, njia panda ya Diani, na kabla ya kufika Msambweni utateremka Gazi. Hapa ndipo palipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 hata akakimbilia upande wa Wajerumani mwaka uliofuata. Leo ni kijiji tulivu cha wavuvi, minazi na ghuba inayopokea maji ya mito Kidogoweni na Mkurumudzi.

Msitu ulioko kwenye ghuba hiyo ndio uliotuleta. Wengi wetu tunauita mikoko tu, lakini wenyeji wanatambua kila mti kwa jina lake: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, mlilana, mkomafi na mingineyo. Mkoko hutoa boriti za nyumba, na mlilana hufaa mbao za kuundia vyombo vya baharini. Chini ya mizizi yake ndipo samaki wadogo, kamba na kaa hupata maficho. Ukiumaliza msitu, umeukata mlo wa mvuvi.

Naam, ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ilifyekwa kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Miaka mingi baadaye baadhi ya sehemu zilikuwa bado uwanda mtupu wenye visiki.

Kwa nini visiki havikuchipuka? Hapa pana somo kwa kila mwenye bustani. Mimea haifanani. Mchu ukikatwa huweza kutoa machipukizi mapya kisikini. Mkoko ukikatwa shina hauna uwezo huo. Kisiki hufa na kuoza. Kuungojea uchipuke ni sawa na kumngojea aliyezikwa. Dawa yake ni moja, nayo ni kupanda upya.

Mwaka 1991 kazi hiyo ilianza Gazi chini ya wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, pamoja na wanakijiji. Mkoko humrahisishia mpandaji. Mbegu yake huota ingali juu ya mti mama, ikaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani. Iliyokomaa huchumwa au kuokotwa, ikachomekwa matopeni kwa ncha yake, yapata theluthi moja ya urefu wake. Mchu, kwa upande wake, hufaa kuoteshwa kwanza kitaluni. Na usidhani kila tope linafaa. Kila mti una kiwango chake cha maji na chumvi, na mche uliopandwa mahali penye mawimbi makali husombwa kabla haujashika mizizi.

Hata hivyo, kupanda peke yake hakutoshi iwapo njaa ya kuni na boriti ingalipo. Ndiyo maana mivinje ilipandwa nchi kavu ili mwananchi apate nguzo pasipo kuingia baharini na shoka.

Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, wenye hekta 117. Miti hii hufyonza hewa ya kaboni na kuihifadhi, hasa ndani ya matope. Hifadhi hiyo hupimwa, na walio mbali wanaotaka kufidia moshi wao huilipia. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mtoto anayekinga maji kijijini humo anakunywa matunda ya mti ambao haujakatwa.

Ukifika, uliza daraja la mbao la akina mama wa Gazi. Utalipa kiingilio, utembee katikati ya mikoko bila kukanyaga tope, na ukiagiza mapema utapikiwa chakula cha pwani. Angalia ratiba ya maji kupwa na kujaa, maana mandhari hubadilika kabisa. Wape wanao nafasi ya kuitazama ile mbegu iliyoota ikiwa bado mtini.

Kisha rudi nyumbani ukautazame mmea wako uliokauka. Kwanza tafuta kilichouumiza, ukiondoe. Kwaruza gome. Ukiona kijani, punguza matawi makavu na usubiri. Ukikuta pamekauka hadi ndani, usipoteze msimu kwa kuomboleza. Panda mwingine, mahali panapoufaa.