Tafakari ya Juma: Diski Yetu na Joto la Pwani



Juma hili tumeulizwa swali lile lile na waamini watatu, nalo halikuhusu Maandiko. "Padre, ile diski ya madaftari ya ubatizo mbona inachoma mkono?" Tumeona vema tulijibu hapa, maana ndani ya kisanduku kile, ambacho hakizidi upana wa kadi ya benki, zimo picha za kurasa za ubatizo, ndoa na mazishi ya parokia yetu. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaitaka kila parokia iwe na vitabu hivyo na ivitunze, vya kale pia. Mchwa hawaijui kanuni hiyo. Na kijana anayetaka kufunga ndoa hudaiwa cheti kipya cha ubatizo. Ukurasa wake ukiwa umeliwa, tunaanza kutafuta mashahidi, na wasimamizi wengi wameshatangulia mbele ya haki.

Diski za aina hii, zinazojulikana kwa herufi SSD, hazina sahani inayozunguka kama diski za zamani. Kwa hiyo wengi hudhani haziwezi kupata joto. Kumbe zinapata, na chanzo kikubwa ni chipu inayosimamia kazi, ile inayopokea data na kuigawa kwenye chipu za kumbukumbu. Kadiri kasi inavyokuwa kubwa na kazi kuwa ndefu, ndivyo joto linavyopanda. Kuandika mfululizo kwa nusu saa huchosha kuliko kufungua picha mojamoja. Ndani hamna feni. Joto halina njia ya kutokea ila kupitia ganda.

Hapo ndipo mkono unapotudanganya. Ganda la alumini likichoma, mara nyingi maana yake ni kwamba linafanya kazi yake ya kulitoa joto nje. Ganda la plastiki au la mpira linaweza kuwa baridi kidoleni huku chipu ndani ikiungua. Afadhali kusoma kipimo chenyewe: kwenye kompyuta za Windows, programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo huonyesha nyuzi joto za diski, ingawa si kila diski ya nje hukubali kuzitaja. Tusome pia karatasi ya mtengenezaji. Samsung T7, kwa mfano, imewekewa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 60 za Selsiasi, na zipo nyingine zinazoishia 45. Kwetu Dar es Salaam, ambako mwezi wa Februari kivuli chenyewe hufika nyuzi 32, nafasi inayobaki si kubwa.

Joto likizidi, diski hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Vijana wetu wa ofisini walipoiona inasuasua walisema tumeuziwa bandia. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka mno. Isitoshe, kasi hushuka kwa sababu nyingine pia: diski nyingi zina sehemu ndogo ya kuandikia upesi, nayo ikijaa mwendo hupungua hata kwenye baridi. Tulizitofautisha hivi: ikiwa inapungua baada ya kiasi kile kile cha data, asubuhi na mchana, sababu ni sehemu hiyo kujaa; ikiwa asubuhi inakwenda vizuri na saa nane mchana inasuasua, sababu ni joto. Yetu ilikuwa joto.

Tiba yake haina gharama. Tumeitoa kwenye mfuko wake wa ngozi na kuiweka juu ya kigae kitupu, mbali na tundu la kompyuta linalopuliza hewa ya moto, na feni ya mezani inaipepea. Hatuiweki juu ya kochi wala godoro. Na tuseme kwa upendo wote: vile vitambaa vizuri vya kufuma ambavyo mama zetu hufunikia redio na televisheni, diski haivihitaji. Kazi kubwa tunaigawa mafungu, tukiipumzisha katikati, na tukimaliza tunaichomoa kwa utaratibu badala ya kuiacha imechomekwa kutwa. Kuna aliyeshauri friji. Hapana! Katika unyevu wa pwani, kitu kilichotoka kwenye baridi hutoka jasho, na maji yakiingia kwenye saketi yatadhuru kuliko joto lile.

Linalotuhangaisha zaidi ni gari. Chombo kilichofungwa vioo juani, dashibodi yake inaweza kupita nyuzi 60, na diski inadhurika hata ikiwa haijachomekwa popote. Data humo hukaa kama chaji za umeme, na joto huharakisha kuvuja kwake. Kiwango cha JEDEC kwa diski za watu wa kawaida hudai kwamba hata ile iliyokwisha kutumia uhai wake wote wa kuandikwa iweze kuhifadhi data mwaka 1 bila umeme katika nyuzi 30. Diski mpya huhifadhi kwa muda mrefu zaidi, lakini hatuwezi kuifungia kabatini miaka kumi tukaiita hazina. Ndiyo sababu tunaichomeka kila baada ya miezi michache, tumeweka nakala ya pili kwenye diski ya kuzunguka katika nyumba nyingine, na madaftari yenyewe yanabaki sandukuni.

Yamebaki madaftari manne, yale yenye karatasi laini kuliko yote. Jumamosi tutaanza saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza, na tutaacha saa tano. Anayeweza kugeuza kurasa polepole aje, akiwa amenawa na mikono imekauka.

Tunawatakia Dominika njema.