Ugonjwa wa Jioni

Kompyuta iliyokufa haina shida. Unajua imekufa, unaipeleka kwa fundi, mnapatana bei, basi. Shida ni kitu kinachougua na kupona chenyewe kabla fundi hajafika. Anakuta mtandao unakimbia kama swala, anakutazama kama vile wewe ndiye mgonjwa, na nauli yake anadai.

Mwenzenu yalinikuta nyumbani kwetu Mbagala. Riwaya yangu haijaisha, hivyo nakula kwa kazi ya kunukuu: natumiwa sauti za mahojiano, nasikiliza na kuandika humo humo mtandaoni. Waya ukikatika, ukurasa unaganda. Mteja alishaniandikia kwamba nikichelewa tena kazi anampa mwingine. Nusu ya kodi ya nyumba inatoka hapo.

Kila mtu alikuwa na jibu lake mfukoni. Jirani alisema virusi. Mama akasema mwezi ukiisha hiyo intaneti ikatwe, hela ikanunue unga. Kaka naye: "Dogo, jioni watu wote wanaingia mtandaoni, foleni hiyo." Maneno ya kaka yalinoga, maana kweli ilikuwa inakatika jioni. Na si mnakumbuka, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao Tanzania ulizorota vibaya. Tangu siku hiyo bahari inasingiziwa kila kitu.

Nikachukua daftari. Nikafungua kile kidirisha cheusi cha amri, nikaandika ping -t 192.168.1.1, namba ya rauta yetu, kompyuta iwe inaiita bila kuchoka. Kidirisha cha pili nikakipa anwani ya nje. Rauta ikiitika na nje kukiwa kimya, ugonjwa uko nje ya nyumba. Rauta nayo ikinyamaza, ugonjwa mnalala nao.

Yetu ilinyamaza. Na ile taa ndogo ya kijani pale waya unapochomekwa kwenye kompyuta ikazimika, kisha ikawaka. Aisee, foleni ya jioni haizimi taa!

Basi nikawa nabadilisha kitu kimoja tu kila jioni. Jumatatu niliondoa ruhusa ya kompyuta kuizima kadi ya mtandao ili kubana umeme. Ikakatika. Jumanne nikahamishia waya kwenye tundu lingine la rauta. Ikakatika. Jumatano na Alhamisi nikaazima waya mfupi kwa mshkaji, nikabeba kompyuta nzima hadi sebuleni, nikakaa ubavuni mwa rauta. Jioni zote mbili, kimya! Haikukatika hata mara moja.

Kumbe waya. Lakini kwa nini jioni? Nikasoma daftari: saa 12:10, saa 12:25, saa 1:05, saa 2:40. Ni saa za dada kutoka kazini, kaka kurudi, mama kutoka na kuingia na ndoo. Fundi aliyetufungia aliupitisha waya chini ya mlango wa ukumbini, na mchana huo mlango haufungwi. Nikauinua: ulikuwa umebapa kama chapati, ganda limechanika.

Ndani ya waya huo mna nyuzi 8, jozi 4. Kasi ya megabiti 1000 kwa sekunde inazitaka jozi zote 4. Ya 100 inatosheka na 2. Ndiyo maana kompyuta ilikuwa ikionyesha 100 wakati kadi na rauta zote ni za 1000. Dalili ilikuwa mbele ya macho yetu siku zote.

Nilinunua waya mpya, nikaupandisha juu ya fremu ya mlango. Mama alisikiliza maelezo yote, akauliza, "Kwa hiyo ni mlango?" Ni mlango, mama. Intaneti haikukatwa, na kazi ninayo mpaka leo.

Wenzangu mnaoandika, yakiwakuta msikimbilie kununua rauta mpya wala kuhama kampuni. Andikeni saa, angalieni taa, badilisheni kitu kimoja, msubiri. Daftari mnalo tayari, na macho ya kutazama nani anaingia na nani anatoka mnayo pia.